Shule yetu ya mawe na chokaa: fundi anataka kubomoa ukuta wa kati. Tumkubalie?

MamaZu

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya mtaani kwetu, mji mmoja wa pwani. Jina la shule naliweka pembeni kwa sababu jambo bado liko mezani na sina hamu ya kuitwa ofisini. Kazi yangu ni cherehani. Ujenzi siujui, ila macho ninayo.

Shule ina majengo mawili. La nyuma ni la tofali, halina neno. La mbele, linalotazama barabara, ndilo linaloninyima usingizi. Ni nyumba ya ghorofa ya zamani. Wazee wanasema aliijenga Mhindi mfanyabiashara enzi za Mjerumani, chini duka, juu makazi, kisha ikageuzwa shule. Ina baraza, ina mlango wa kuchonga ambao pambo lake la juu limeshang'olewa na wajanja, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto anakaa dirishani amekunja miguu na bado nafasi inabaki. Nimepima kwa tepu yangu ya kushonea: ukuta sentimita 58. Vyumba vya chini vina urefu wa zaidi ya mita 7 lakini upana ni mita 2 na sentimita 80 tu. Viko viwili sambamba, cha mbele na cha nyuma, na katikati yao ukuta. Dari ni magogo membamba yaliyopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa.

Tatizo ni unyevu. Miaka ya nyuma madarasa yalipakwa rangi ya mafuta ya kahawia kutoka chini mpaka kimo cha kifua, juu nyeupe. Pale rangi mbili zinapokutana ndipo ukuta unapovimba na kubanduka, na asubuhi kuna unga mweupe sakafuni chini yake. Watoto wanauonja, wanasema una chumvi. Mwanangu ni mmoja wao.

Fedha za ukarabati zimeingia. Fundi tuliyeletewa kasema kazi ni nyepesi: lipu yote ya zamani ikwanguliwe, ipigwe nyavu na lipu nzito ya saruji, ukuta wa kati ubomolewe ili vyumba viwili viwe darasa moja la kisasa, na zisimamishwe nguzo mbili za zege kushika dari. Mwenyekiti kakubali. Tunaambiwa fedha zisipotumika kabla ya mwaka wa fedha kwisha mwezi wa 6 zitarudi zilikotoka.

Nyinyi mnaojua: ukuta wa kati unaweza kutoka? Saruji itatibu ule unyevu? Na je, iko shule nyingine ya aina hii ambayo mpaka leo ni shule, si makumbusho? Maana kwenye kikao nikisema "jengo la historia" nachekwa, naambiwa kanunue tiketi.

KijanaWaZege

Dada, mnajisumbua. Hilo jengo limeshamaliza muda wake. Leta greda siku moja, mwezi unaofuata mnapandisha madarasa mawili ya tofali yenye madirisha ya alumini. Watoto wanataka mahali pa kukaa, historia wataisoma kitabuni. Tumezidi kupenda magofu nchi hii.

FundiChokaa

Bibie MamaZu, salaam. Huo ukuta wa kati usiguswe. Naanza na hilo kwa sababu mengine yanaweza kungoja.

Mimi nimezaliwa Ng'ambo, Unguja, na kazi ya uashi nimeirithi. Nimefanya kazi kwenye nyumba za Mji Mkongwe kwa maisha yangu yote ya kazi, na sasa magoti yamegoma, nakaa kivulini nawasumbua vijana kwa simu. Kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Umejijibu mwenyewe ulipoandika mita 2 na sentimita 80. Ukienda Lamu, Mombasa, Pangani, Bagamoyo, Unguja au Kilwa, ukaingia nyumba yoyote ya zamani ya mawe, utakuta vyumba virefu vyembamba. Watu wanadhani ni mtindo. Ni boriti. Gogo la mkoko lililonyooka na nene vya kutosha kubeba dari linakupa mita tatu hivi. Ukilitaka refu zaidi utapata jembamba au lililopinda. Basi fundi wa zamani alianza na mti, chumba kikafuata. Alisimamisha ukuta, akapima boriti, akasimamisha ukuta wa pili. Mwenye nyumba akitaka nafasi zaidi, hakupanua chumba, aliongeza ukuta mwingine nyuma na safu nyingine ya boriti.

Maana yake ukuta wenu wa kati umebeba pande zote mbili. Boriti za chumba cha mbele zimelalia ukuta huo kwa ncha moja, na za chumba cha nyuma vivyo hivyo. Juu yake, bila shaka, umesimama ukuta wa ghorofani, na juu ya huo kuna paa. Ukiutoa, umeutoa uti wa mgongo wa nyumba nzima.

Nguzo mbili za zege hazitoshi, na nitakwambia kwa nini. Nyumba hizi hazina msingi kama mnaoujua leo. Msingi ni ukuta huo huo umeshuka chini ya ardhi kidogo, pengine umepanuliwa. Mzigo umetandazwa urefu wote, mita zote saba, na kila kipande cha ardhi kinabeba kidogo. Ukiukusanya mzigo wote ukauweka kwenye nguzo mbili, ardhi chini ya nguzo italemewa na nguzo zitazama, na dari itaanza kulia. Ikilia haikupi muda mrefu.

Sisi Unguja hatuhitaji kusimuliwa. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka, na watu wawili wakafariki. Jengo la Sultani Sayyid Barghash la mwaka 1883, na lilikuwa kwenye matengenezo. Sisemi limeanguka kwa sababu hii unayoiuliza. Nasema jengo kongwe lililo katikati ya matengenezo ndilo jengo lenye hatari kuliko wakati wowote, na lenu lina watoto ndani.

Sasa unyevu. Huo ukuta wa sentimita 58 si jiwe tupu. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, katikati kifusi cha mawe madogo, udongo mwekundu na chokaa. Maji yanapanda kutoka ardhini siku zote, na pwani maji hayo yana chumvi. Zamani hayakuleta shida kubwa kwa sababu lipu ilikuwa ya chokaa, na chokaa inayaachia yatoke taratibu. Aliyepaka rangi ya mafuta aliyafungia. Yakawa hayana pa kutokea ila kuzidi kupanda, na yalipofika juu ya rangi ya kahawia yakapata upenyo, yakakauka hapo, chumvi ikabaki. Inapokauka inajenga chembe ndani ya lipu na kuivunjavunja. Huo ndio unga wa mwanao. Mkataze, si chakula.

Ukiiweka saruji ukuta mzima, yatafanya vile vile, ila sasa yatapanda mpaka kwenye dari. Huko yatakutana na ncha za boriti zilizozikwa ukutani. Mkoko ni mti mgumu, mchwa wenyewe wanauheshimu, lakini ukilowa miaka mfululizo bila hewa unaoza, na unaozea ndani ya ukuta ambako huoni. Chini unaona lipu nzuri imenyooka, umepaka na rangi ya maua. Siku moja boriti inachomoka.

Kabla ya kununua mfuko wowote, fanyeni haya. Pandeni juu mtazame paa na gata. Tazameni maji ya mvua yanaangukia wapi. Tazameni nje, ardhi ya barabarani iko juu au chini ya sakafu ya darasa. Na mtu mwenye mkono mwepesi achukue bisibisi, aiguse kila boriti pale inapoingia ukutani, kwa juu na kwa ubavuni. Ikizama bila nguvu, ncha imeoza. Weka alama ya chaki, watoto wasikae chini yake, leteni mirunda mkaiegemeze mpaka mjue la kufanya.

KijanaWaZege

Mzee wangu, heshima yako, boriti nimekuelewa. Ila hesabu bado haijatoka. Darasa ni watoto 45 kwa mujibu wa wizara, na sote tunajua wanakuwa 80. Chumba cha mita 2.8 wanakaaje? Ubao wa mwalimu uko wapi? Ndio maana nasema bomoa.

MwalimuWaDunda

MamaZu, swali lako la tatu ni langu. Mimi ni mwalimu wa historia, nimefundisha Bagamoyo na bado niko huku.

Kikaoni waambie habari ya Shule ya Msingi Mwambao. Iko ndani ya mji wa kale wa Bagamoyo, na asili yake inafanana na mnayoisimulia. Mwaka 1896 mfanyabiashara Sewa Haji Paroo alijenga nyumba ya ghorofa, akaikabidhi kwa serikali ya Kijerumani iwe shule, kwa sharti moja: isibague watoto kwa rangi wala asili. Nataka ulione hilo sharti lilivyokuwa zito. Ni miaka 8 tu tangu Wajerumani waingie pwani hii kwa mtutu, Mwafrika na Mhindi kila mmoja ana mahali pake alipopangiwa, na huyu Mhindi wa madhehebu ya Ismailia anawaandikia kwamba darasa ni moja. Ndiyo maana shule ile husemwa kuwa ya kwanza ya mchanganyiko katika Tanganyika.

Sewa Haji hakuwa mtu wa kuja na kupita. Alizaliwa Bagamoyo mwaka 1851, wazee wake wakitokea Kutch, India. Utajiri wake ulitokana na misafara: vitambaa, shanga, waya wa shaba, na wapagazi wa kuibeba hiyo mizigo kwenda Tabora na Ujiji. Mzungu akishuka kutoka Unguja akitaka kwenda bara, ilibidi amwone yeye au mtu wa namna yake. Pale ufukweni kuna jengo la forodha la mwaka 1895, naye ndiye aliyelijenga, Wajerumani wakawa wapangaji wake. Dar es Salaam alitoa fedha za hospitali iliyobeba jina lake kwa miaka mingi. Ukienda hospitali ya Muhimbili leo utasikia watu wanaulizana wodi, "Mgonjwa wako yuko Mwaisela, Kibasila au Sewahaji?" na wengi hawajui kwamba Sewahaji alikuwa mtu. Alifariki Unguja mwaka 1897, mwaka mmoja tu baada ya kuikabidhi shule.

Mimi naona uzito wa hiyo nyumba uko kwenye matumizi. Hapa Bagamoyo, Ngome Kongwe na Boma la Mjerumani watu wanaingia na kamera. Mwambao watoto wanaingia na madaftari. Mwenye kikao chako akisema "kanunue tiketi", mwambie shule haina tiketi na bado ni historia.

Sasa la sheria, usije ukajiamini kupita kiasi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yenu, kama kweli ni ya enzi za Mjerumani, haimo. Jengo la namna hiyo linalindwa tu kama Waziri amelitangaza kwenye gazeti la serikali, lenyewe au eneo zima lililomo. Kwa hiyo mwandikieni Mkurugenzi wa Mambo ya Kale kuuliza kama mtaa wenu umetangazwa. Barua moja tu, yenye mhuri wa shule. Kama umetangazwa, mwenyekiti wenu hana mamlaka ya kubomoa hata baraza bila kibali, na fundi atajikuta na kesi. Kama haujatangazwa, mtabaki na hoja zenu tu. Usitegemee maneno makubwa ya kimataifa: Bagamoyo iko kwenye orodha ya kusubiri ya UNESCO tangu 2006, na orodha ya kusubiri haijawahi kuzuia nyundo.

Mtanga_Halisi

Mwalimu shikamoo, lakini Tanga msitupite hivi hivi. Shule ya kwanza ya serikali ya Mjerumani ilikuwa Tanga, 1892. Ilikuwa na kiwanda cha kuchapa na gazeti la Kiongozi lilitoka pale pale. Bagamoyo walikuja baadaye wanachukua sifa.

MwalimuWaDunda

Marahaba. Tanga ndiyo ya kwanza ya serikali, hakuna anayebisha, na Kiongozi ni fahari yenu. Mimi sijasema ya kwanza, nimesema ya kwanza kutobagua, tena kwa sharti la aliyeitoa. Mtu wa Tanga ukimpa mkono anataka na kiwiko.

MamaZu

Wazee wangu, asanteni sana. FundiChokaa, hiyo habari ya rangi ya mafuta nimeisoma kwa sauti hapa kibandani na wateja wakaacha kulalamika. Kumbe ukuta umetiwa bitana ya nailoni kwenye joto la pwani! Hilo nalijua, nguo ya hivyo nimeshawarudishia watu fedha.

Nimefanya ulivyoagiza. Kwanza nje: barabara iliwekewa kifusi mara kadhaa miaka ya nyuma, sasa iko juu ya sakafu ya darasa kwa kama kiganja na nusu. Baraza ambayo wazee walikuwa wanapanda kuikalia sasa unaikalia magoti yamegusa kidevu. Mvua ikinyesha maji yanatembea moja kwa moja mpaka ukutani.

Juu alipanda mlinzi, kijana mwepesi. Gata upande wa nyuma limejaa majani na mpira wa soksi wa watoto, limeoza katikati, maji yote yanamwagikia ukutani. Na kwenye ufa chini ya bati umeota mwarobaini, tayari una unene wa mpini wa jembe. Alitaka kuung'oa nikamwambia ashuke kwanza.

Bisibisi: boriti nyingi ni ngumu kama chuma. Lakini pale chini ya gata bovu kuna nne zilizo jirani ambazo bisibisi ilizama. Tumeweka chaki. Madawati ya kona hiyo tumeyahamisha, mwalimu wa darasa la tatu kanuna.

Sasa nina kikao Jumamosi. Mwenyekiti atarudia hoja ya KijanaWaZege: vyumba vyembamba. Nimjibu nini?

FundiChokaa

Umefanya vyema sana kumshusha kijana. Mwarobaini hauvutwi. Mizizi yake imeshika mawe ndani, ukiuvuta unashuka na ukuta. Ukatwe usawa wa ukuta, kisiki kitobolewe, kitiwe dawa ya kuua kisiki, kiachwe kikauke chenyewe. Ukishakufa ndipo mnajaza ufa.

Na ona sasa ugonjwa wenyewe: gata bovu, mwarobaini, barabara iliyopanda. Hakuna hata kimoja kinachotibiwa na lipu. Mngetandika saruji ya fedha zote hizo na mvua ya masika ingewakuta pale pale.

Kuhusu hoja ya KijanaWaZege, ana haki nayo. Watoto 45 hawaingii kwenye mita 2.8, wala sitaki waingie. Lakini skuli haina watoto wa darasa la saba peke yao. Mna awali? Hao wanatakiwa 25 kwa darasa, na hawahitaji madawati, wanakaa kwenye mikeka. Chumba cha mita 7 kwa 2.8, kuta nene, baridi mchana kutwa, ni chumba chao. Cha pili kiwe maktaba au ofisi ya walimu. Madarasa makubwa yahamie nyuma, na fedha ambayo ingekwenda kwenye nguzo na kubomoa iende kwenye kuanzisha darasa moja jipya uwanjani. Ghorofani nisingeweka watoto wengi mpaka boriti zote zikaguliwe na mhandisi, wala nisingeweka makabati ya vitabu. Vitabu ni vizito kuliko watoto na havitoki saa sita.

KijanaWaZege

Hiyo ya awali sikuifikiria. Sawa, greda nalirudisha kwa sasa. Ila mwandike kwenye muhtasari kwamba matumizi ya vyumba yanabadilika, maana fedha ikiandikwa "ukarabati wa madarasa" halafu mkaweka maktaba, mkaguzi atawauliza darasa liko wapi. Nimeshayaona hayo kazini.

MwalimuWaDunda

Yuko sahihi. Na mhandisi wa halmashauri aje kabla ya kikao kama inawezekana, aone boriti nne kwa macho yake. Neno la mhandisi kwenye karatasi lina nguvu kuliko mimi na Sewa Haji pamoja. Mkumbushe pia mvua za El Niño za 1997 na 1998, sehemu ya Boma letu hapa ilivyoporomoka. Kila mhandisi wa mkoa huu anaijua.

MamaZu

Nimerudi. Kikao kilikuwa kirefu na chai haikutosha.

Mhandisi alikuja. Alipoona zile boriti nne hakusema kitu, alimtazama fundi. Ukuta wa kati unabaki, imeandikwa. Gata jipya na mfereji wa kutoa maji barabarani vinaanza kwanza. Awali wanahamia chumba cha mbele wakati ukarabati ukiendelea, cha nyuma kimefungwa. Mwenyekiti kanuna, ila alisaini. Barua ya Mambo ya Kale imeandikwa, nimeibeba mwenyewe mpaka posta.

Fundi wetu yule kasema chokaa haijui na hataki kujifunza, kaondoka. Kwa hiyo FundiChokaa nakurudia: kuna vijana wawili wa mtaani wako tayari. Waanzie wapi? Na boriti nne tunazipata wapi?

FundiChokaa

Vijana wasioijua saruji sana ndio wazuri, hawana cha kusahau.

Waanze kwa kukwangua rangi ya mafuta na lipu iliyovimba tu. Ile iliyoshika vizuri waiache. Watagonga kwa kiungo cha kidole: panapolia wazi patoke, panapolia jiwe pabaki. Kisha ukuta uachwe uchi upumue, wiki kadhaa, hata kama mwenyekiti anaona aibu wageni wakija. Chumvi itazidi kutoka, waifagie kwa brashi kavu, wasiioshe kwa maji.

Wakati ukuta unakauka, chokaa iandaliwe. Chokaa ya mfuko inafaa, ile ya Tanga ni nzuri, ila wasiitumie siku hiyo hiyo. Iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, ikae. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na kushika. Mchanga uwe wa mtoni au wa shimo, ulioshwa, kamwe usiwe wa ufukweni, maana mtakuwa mnarudisha chumvi mliyoifagia. Chokaa moja, mchanga tatu. Ukuta unyunyiziwe maji kwanza. Lipu ipigwe nyembamba, mkono wa kwanza, ungoje ushike, wa pili, ungoje, wa tatu. Kila mkono ufunikwe na magunia yaliyoloweshwa, jua lisiupige. Chokaa inakauka kwa kula hewa, haina haraka. Ukiiharakisha itapasuka mistari mistari, watu wa saruji watasema walishakwambia. Juu yake pakeni chokaa nyeupe ya maji, mikono kadhaa. Rangi ya mafuta isirudi hata kwenye mlango wa choo cha jengo hilo.

Mkitaka chini pasichafuke kwa mikono ya watoto, tieni rangi ya udongo kwenye chokaa ya mkono wa mwisho, njano au nyekundu. Marehemu baba alikuwa akifanya hivyo na uchafu hauonekani.

Sakafu je? Kama ni ya zamani, ya chokaa na kokoto, msiivunje. Sakafu zile zilipigwa kwa vijiti siku nzima, watu wamepanga mstari na nyimbo zao, mpaka zikawa ngumu. Siku hizi huwapati wa kuipiga tena. Kama kuna mtu alishamwaga saruji juu yake, acheni nafasi ya kiganja kando ya kuta zote, mjaze kokoto, maji yapate pa kupumulia.

Boriti. Zamani unakwenda bandarini unanunua kwa korija, miti 20 kwa bei moja, kutoka Rufiji. Sasa mikoko ni hifadhi, lazima kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, na msikubali za magendo, zitaitia skuli aibu. Ulizeni kwa barua, nne si nyingi. Zikikosekana, mbao ngumu zilizokauka vizuri zitafanya kazi, mradi unene usipungue ule wa mwanzo. Usitie chuma. Chuma kwenye ukuta wenye chumvi kinavimba kikipata kutu, kinaupasua.

Kubadilisha ni moja moja. Mirunda pande zote mbili, imekalia ubao mpana chini na juu, ndipo itoke moja, iingie mpya, mzigo urudi, ndipo mwende kwenye ya pili. Ncha ipakwe lami nyembamba, lakini msiizike kwa kuiziba pande zote. Acheni upenyo wa kidole kuizunguka, hewa ipite. Na kila ncha ipigwe picha kabla ya shimo kuzibwa, picha zikae kwenye faili la skuli pamoja na tarehe, ili atakayekuja baada yenu asianze na bisibisi.

Vijana wakikwama wanipigie simu ya picha. Namba nimekutumia kwa ujumbe wa ndani.

MamaZu

Imefika, wameshaisevu. Mirunda inaletwa kesho asubuhi kabla ya gwaride. Mkubwa wa vijana anauliza kama pipa lililowahi kuwekwa mafuta ya taa linafaa kulowekea chokaa.

FundiChokaa

Halifai. Tafuteni la maji.